Nani Atakaa na Moto

Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu Shabani, na mke wangu humo ndani asinisikie. Ni siku niliyochutama nyuma ya magunia ya chumvi, hapa hapa Makanyagio, nikawasikia watu ninaowapenda wakijadili kama ninafaa kudaka kwenye fainali au sifai. Sauti iliyokuwa juu kuliko zote ilikuwa ya babu yako, marehemu Mashaka. Tulia, usikunje uso. Nikimaliza habari hii utampenda zaidi.

Nimekuita kwa sababu ya ile sauti uliyoituma juzi kwenye grupu la mashabiki. Mjukuu wangu aliniwekea niisikilize huku anacheka. Nikakusikia ukisema Nestori, beki wetu wa kushoto, ni mzigo, mechi iliyopita alikimbia kama mtu aliyebeba ndoo kichwani, na Jumamosi apigwe benchi. Nami nilicheka, maana ile sauti ni Mashaka mtupu, hata pale anapovuta pumzi ni pale pale. Halafu nikaacha kucheka. Nilikumbuka kwamba Nestori naye yumo kwenye hilo grupu.

Sisi hatukuwa na grupu. Tulikuwa na baraza ya duka la Bi Mwajuma, mama mmoja mjane, mtu mzima, aliyeuza chumvi, sukari, mafuta ya taa na viberiti. Mpira wenyewe hakuupenda hata kidogo. Aliwavumilia mashabiki kwa sababu mtu akibishana sana koo hukauka, na soda alikuwa nazo yeye. Na ujue kwamba wakati ule kikosi hakikupangwa na kocha peke yake. Kocha alikuwepo, aliitwa Sospeter, mtu mpole mno, lakini kikosi kilipikwa pale barazani. Mashabiki wakishakubaliana, Sospeter anakuja, anasikiliza, anaitikia kwa kichwa, basi, hao ndio watakaocheza.

Fainali ile tulikuwa tucheze na Katumba. Zawadi ilikuwa dume la ng'ombe, lililotolewa na mfugaji mmoja Msukuma aliyehamia huku na mifugo yake. Lilikuwa jeusi tii, nundu inatikisika likitembea, na mtaa mzima ulikuwa umeshaligawa: huyu mguu, yule utumbo, kichwa kiende kwa wazee.

Mimi nilikuwa golikipa. Nilidakia timu ile tangu haina jezi, tunacheza na mashati ya nyumbani. Ila wiki ile nilikuwa na jambo ambalo sikumwambia mtu. Kwetu ni Litapunga, tulikuwa tunalima tumbaku, na tumbaku yetu yote ilikuwa ndani ya bani. Wewe umezaliwa mjini, bani hulijui. Ni jengo refu la matofali, majani yanatundikwa ndani yakauke, chini kuna moto wa magogo, na huo moto hauachwi peke yake, iwe usiku iwe mchana. Ukipoa, majani yanaharibika rangi. Ukizidi, bani linaweza kuungua lote na kilichomo. Baba alikuwa kitandani, mguu umevimba hawezi kuukanyaga, na mama alikuwa anamuuguza. Wadogo zangu walikuwa bado wadogo kweli. Kwa hiyo usiku nakaa na moto, alasiri mama ananishikia kidogo, napanda baiskeli nakuja mazoezini, jioni narudi. Chakula chetu cha mwaka mzima kilikuwa kinaning'inia mle ndani.

Utaniuliza kwa nini sikusema. Nilijua wakijua watanihurumia, na wakinihurumia watanipumzisha. Nilikuwa naitaka ile fainali, mwanangu.

Basi alasiri moja, fainali imeshakaribia, nikapitia mlango wa uani wa Bi Mwajuma nichukue chumvi ya nyumbani kabla sijaenda mazoezini. Yeye alikuwa ndani anapima sukari. Nje barazani ilikuwa vita.

"Nasema hivi, hadaki!" Huyo ni babu yako. Alikuwa kinyozi, na alikuwa amemwacha mteja kazi haijaisha ili aje abishane. Mteja mwenyewe alikuwepo pale, kanyolewa upande mmoja, naye anabishana. "Nusu fainali mmeisahau nyie? Mpira wa mtoto kabisa, unamponyoka! Na yale macho mmeyaona? Mekundu pyu. Huyo ni gongo, hakuna kingine."

"Gongo hanywi, mimi namjua," akasema yule wa nusu kichwa.

"Basi kanunuliwa na Katumba."

"Acha hizo, Mashaka. Mtu akiwa na siku mbaya tu ndo kanunuliwa?"

"Mimi sina ugomvi naye, ndugu yangu. Nampenda yule. Lakini dume lile liende Katumba kwa ajili ya kupendana? Adake Deo. Deo ana macho meupe!"

Deo alikuwa golikipa wetu wa akiba, kijana mzuri tu. Watu wakacheka, halafu wakanyamaza kidogo. Ule unyamavu niliufahamu vizuri, ndivyo baraza lile lilivyokuwa likianza kukubali. Mimi nilikuwa nimeshachutama nyuma ya magunia zamani, kwa aibu, kana kwamba nimeiba. Machozi yakanitoka, na mle dukani hamkuwa na moshi wa kuusingizia.

Nikuambie jambo, Shabani, kabla hujawachukia wale watu. Hawakuwa wabaya hata mmoja. Yule wa nusu kichwa ndiye aliyenitafutia glovu zangu za kwanza. Babu yako alikuwa ananinyoa bure kabla ya kila mechi, akisema golikipa mwenye nywele nyingi anaona vibaya. Walikuwa wameona mpira ukiniponyoka, na kweli ulikuwa umeniponyoka. Wameona macho mekundu, na kweli yalikuwa mekundu. Walichokiona chote kilikuwa sahihi, ila waliyoongeza wenyewe ndiyo yaliyonichoma.

Bi Mwajuma aliacha kupima sukari. Alinitazama pale chini kwa muda.

"Macho yana nini, mwanangu?" akaniuliza taratibu.

Wewe fikiria. Macho yangu yalikuwa yamejadiliwa mji mzima, na huyo ndiye mtu wa kwanza kuniuliza mwenyewe. Nikamweleza yote, bani, mguu wa baba, baiskeli, usingizi. Nikamwomba asiwaambie. Akafunga pakiti yake ya sukari, akajifuta mikono kwenye kanga, akatoka nje.

"Nyie," akasema, na hakupaza sauti. "Tangu juzi mnanipangia watu kumi na moja hapa mlangoni kwangu. Mnawatoa, mnawarudisha. Leo nipangieni mtu mmoja tu. Golikipa wenu baba yake ni mgonjwa, bani limejaa tumbaku, na yeye ndiye anakaa na moto usiku kucha, asubuhi mpaka mchana, halafu anaendesha baiskeli kuja kuwadakia. Nani ataenda Litapunga kukaa na ule moto ili yeye alale?"

Nilikuwa nachungulia kwenye upenyo wa mlango.  Mmoja alijifanya kamba ya kiatu imefunguka. Yule wa nusu kichwa akawa anajipapasa upande wenye nywele. Nao naweza kuwaelewa. Kwenda Litapunga maana yake ni kuikosa fainali, na fainali ile walikuwa wameisubiri tangu mvua za kwanza.

"Kupanga si mnajua sana?" akasema Bi Mwajuma. "Haya, pangeni."

"Mimi," akasema babu yako.

Watu wote wakamgeukia.

"Mnashangaa nini? Bani nalijua. Nimekulia humo, mzee wangu alinichapa sana kwa kusinzia. Nitaenda mimi."

"Na fainali, Mashaka? Uikose fainali wewe?"

"Kwani nikiwepo ndo nafunga mimi?" Akasema kwa hasira, kama mtu anayejigombeza mwenyewe. Kisha akapaza sauti kuelekea ndani ya duka, maana alikuwa ameshaniona kwenye upenyo. "Na wewe udake vizuri! Umesikia? Sitaki kwenda kupikwa na moshi bure!"

Alimalizia kichwa cha yule mteja, akafunga kibanda chake, akachukua baiskeli, akaenda kukaa na moto mpaka fainali ipite. Mimi nililala kwa mjomba hapa Makanyagio. Nililala fofofo, mpaka mkewe akaja kunigusa aone kama napumua. Nilipoamka nikajiangalia kwenye kioo, macho yalikuwa yangu tena.

Ungependa nikuambie tulishinda. Tulifungwa, mwanangu. Tulifungwa moja bila. Nilikuwa nimedaka kila kitu siku ile, nimepangua hata penalti, watu wananiimba jina. Karibu na mwisho ikaja kona, mtu wao mmoja mrefu akaruka peke yake, kichwa, wavuni. Mpaka leo wapo wazee wenzangu wanaosema ule mpira ningeupangua, na wapo wanaosema hata angekuwa nani asingeupangua, na tukikutana msibani tunabishana tena. Katumba wakapiga ngoma zao, wakaondoka na dume. Sikumlaumu mtu. Ila nilipopanda baiskeli kuelekea Litapunga miguu ilikuwa mizito, kwa kuwa nilikuwa naenda kumwambia Mashaka, aliyeacha fainali kwa ajili yangu, kwamba tumefungwa.

Nilimkuta ameketi kwenye kigogo mbele ya mdomo wa moto, shati limejaa majivu. Jua lilikuwa halijazama. Alisimama akanitazama, akawa ananitazama tu, anapepesa, na nikagundua hanioni sawasawa. Macho yake yalikuwa mekundu kuliko yalivyowahi kuwa yangu.

"Ni wewe?" akauliza.

"Ni mimi. Tumefungwa, kaka. Moja bila. Kichwa cha kona."

 Akaokota gogo alisukume ndani, akalikosa, akalitafuta tena kwa kupapasa. Halafu akaanza kucheka, na ndani ya kile kicheko nikasikia mtu analia.

"Mimi hapa gogo silioni," akasema. "Gogo zima hivi, na halikimbii. Na wewe kwa macho haya ulikuwa unadaka mpira?"

 Akanishika bega akanipeleka mlangoni mwa bani, akaufungua kidogo. Majani yalikuwa ya njano, njano ya kuiva, safu kwa safu mpaka juu. Hakuna hata safu moja iliyoharibika. Baba aliyaona kesho yake, alipojikongoja kwa fimbo, akamkumbatia Mashaka. Mimi nililia pale mlangoni, na sioni aibu kukuambia. Nimepewa zawadi nyingi na watu katika maisha yangu, lakini sijawahi kupewa mchezo mzima wa fainali na shabiki aliyeupenda kuliko mimi.

Babu yako hakuacha kelele, usije ukadhani. Alirudi barazani akaendelea kuwa na sauti kubwa kuliko wote, na mwaka uliofuata alinitaka nikae benchi, kwa haki kabisa, na nikakaa. Ila kuna kitu alikianzisha. Likitajwa jina la mchezaji barazani, kabla hawajasema adake au atolewe, yeye anauliza kwanza, "Kwao wazima?" Kama hakuna anayejua, mtu anatumwa akaulize. Wakati mwingine jibu lilikuwa kwao wazima, mtu ni mvivu tu, na hapo Mashaka anamshukia bila huruma. Wakati mwingine walikuta mtoto amelazwa, au nyumba imeezuliwa na upepo, na baraza zima likaenda kuezeka. Vijana wa timu walimwogopa babu yako na walimpenda. Siku ya kumzika, Katumba walikuja, wale wale waliochukua dume.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, Shabani. Sikukatazi kubishana. Mpira bila ubishi haunogi, na mtu akivaa jezi ya mtaa lazima akubali mtaa umseme. Panga kikosi chako, mtoe unayetaka kumtoa, na kama Nestori hafai, sema hafai. Lakini usiseme neno juu ya mtu kabla hujamuuliza yeye mwenyewe ana nini. Ukiona miguu mizito, hiyo umeiona kweli. Mzigo alioubeba hujauona. Na ukishamuuliza, akakuambia, usiishie kumwonea huruma kwenye simu. Tafuta nani atakaa na moto, na kama hayupo, kaa wewe.

Mimi sijui Nestori ana nini. Huenda hana kitu, huenda ni mvivu tu, basi nitakuwa nimepoteza maneno yangu na chai ya mke wangu. Fainali yenu ni Jumamosi na leo ni Alhamisi. Kwao ni pale nyuma ya mashine ya kusaga, unapajua. Usitume ujumbe. Nenda kwa miguu, ubishe hodi, ukae.

Haya, inuka, jua lisikuchwee. Mungu akutangulie njiani. Sauti ya babu yako umeshairithi, hiyo sikuombei. Nakuombea macho yake, yale mekundu niliyoyakuta Litapunga jioni ile.