Mwaka Mama Alipokataa Nguo

Daktari wa Bukoba alimwambia mama apunguze ndizi. Alikuwa mtu wa pwani, tukamsamehe. Mhaya akila wali na nyama bila ndizi, atakwambia hajatia kitu tumboni tangu asubuhi.

Lakini sukari ilikuwa inamla mama macho. Maharage alikuwa akiyapika pamoja na mawe yake. Daktari alisema asipobadili chakula atapofuka, basi apunguze ndizi, aongeze mboga, mayai, kuku na senene, wale panzi wa msimu wa mvua. Mama alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kwenye basi la kurudi Muleba akaniambia kwamba, ukiondoa mboga, vyote alivyotajiwa vilikuwa chakula cha wanaume. Kwetu mwanamke aliwakamata senene, akawanyonyoa mabawa, akawakaanga na kumwekea mumewe. Mume alimshukuru kwa nguo mpya. Mwanamke kuonja ilikuwa mwiko.

Baba alikuwa balozi wa nyumba kumi. Mikutanoni alihubiri usawa hata koo likamkauka, na wanaokula jasho la wenzao aliwaita kupe. Nilipomweleza maneno ya daktari, alisema mila haibadilishwi na mtu asiyejua hata kumenya ndizi. Mama aongeze mboga, inatosha. Basi mama akapunguza ndizi, akala mboga, na majirani wakaja kumpa pole kana kwamba tumefiwa. Nilimchukia baba majira yale, na sioni haya kulisema.

Novemba senene wakashuka. Mama aliwakamata kwa kupapasa majani, maana kuwaona hakuwaona vizuri. Mchana baba alikuwa amekaa na wajumbe wawili wa kamati ya kijiji, wametoka mkutanoni, wananusa harufu ya jikoni. Mama akaweka sahani mbele yao. Baba akamkabidhi nguo aliyokwisha kuinunua, nyekundu yenye maua, wajumbe wakasifu.

Mama aliipapasa, akamrudishia.

"Mwaka huu sitaki nguo, baba watoto," alisema. "Nguo nzuri ni ya anayeiona. Nipe senene."

Wajumbe wakamtazama balozi wao. Asubuhi ileile alikuwa amewaambia kwamba matunda ya kazi ni ya aliyeifanya, nao walimpigia makofi. Baba akakohoa. Akaangalia mlango, akaangalia dari, kisha akamsogezea mama sahani taratibu.

Mama akaketi palepale kwenye mkeka, mbele ya wanaume, akala bila haraka, akitafuna kwa sauti. Hakumkaribisha mtu. Alipomaliza alijifuta mikono, akaniuliza kama kuku wetu bado wanataga.