Zamu ya Pumzi

Juzi nilikuwa kwenye benchi la zahanati moja huku Nyamiaga, karibu na mpaka wa Burundi, wenyeji na wakimbizi tumebanana. Bibi mmoja kutoka Burundi alikuwa akimnywesha mjukuu wake mchanga maziwa ya chupa, maana mama wa mtoto alikuwa bado hajiwezi tangu ajifungue.

Mtoto alivuta, akavuta, kisha akatulia tuli. Midomo ikaanza kuwa ya bluu. Benchi zima tukamwita muuguzi.

Alikuja mbio, akaitoa chupa, akamkalisha mtoto wima na kumsugua mgongo. Mtoto akapiga chafya, akavuta pumzi, akalia kwa hasira. Sijawahi kufurahia kelele kiasi kile.

“Bibi,” muuguzi akauliza, “kwenu pombe ya ndizi mnakunywaje?”

Bibi akamkazia macho. “Kwa mrija, mtungi mmoja. Unavuta kidogo, unampisha mwenzako.”

“Basi na huyu akivuta kidogo, ampishe mwenzake.”

“Mwenzake yupi?”

“Pumzi.”

Bibi akacheka mpaka kitenge kikamdondoka begani. Akairudisha chupa mdomoni mwa mtoto. Mtoto alipomeza mara chache, benchi zima tukasema, “Zamu ya pumzi.” Bibi akaitoa, akasubiri, akairudisha. Tukaenda hivyo mpaka maziwa yakaisha.

Tangu wageni waje tumegombania zamu bombani, tukagombania zamu kwenye mashine ya kusaga. Zamu ya kwanza tuliyoisimamia pamoja ni ya mtu asiyejua hata mpaka uko upande gani.