Mbuyi Peke Yake Mu Sinema

Usicheke. Kitu hiki kilinifikia mimi mwenyewe, mu Kolwezi, mchana kweupe, wakati Babeleji bangali banatawala. Na sikuwa nimekunywa hata tone.

Nilikuwa mufanyakazi wa mine, chini mu mgodi, lakini mukono wangu ulijua kuandika herufi nzuri. Padri mumoja, tulimwita Mompe, alitaka filamu fupi ya bantu banaenda kununua bitu mu mji. Akaniambia: "Panga mwanzo wa filamu. Majina yote yaandikwe juu ya bitu bya magazini, bya duka. Ikipendeza, unakuwa muandikaji wangu. Ikiharibika, unarudi chini." Chini! Muke wangu Ngalula alikuwa na mimba, na kila king'ora cha mine kilimtetemesha.

Basi, mu magazini ya Mugiriki nikapanga kazi: jina la filamu juu ya mufuko wa unga, la Mompe juu ya kitenge, langu juu ya kioo. Akaingia mama mumoja, murembo ajabu.

"Tata, andika na mi."

"Majina?"

"Mbuyi."

Nikaandika MBUYI juu ya beseni nyeupe. Akaangalia, akanuna. "Peke yangu?"

Nikamutania: "Mama, beseni ni ndogo!" Kugeuka kuchovya burashi, hakuna mutu. Mugiriki akaniuliza nasema na nani.

Niamini: kamera ilipofika ku ile beseni, ilikwama. Mufuko, inazunguka. Kioo, inazunguka. Beseni, kak! Mompe akaifungua, akaipaka mafuta, akasema maneno ambayo padri hasemi. "Kesho ikiwa bado hivi, unarudi mine."

Nyumbani Ngalula akashika kichwa. "Aka! We Muluba gani? Mbuyi ni jina la mapasa wa kwanza, pacha anayetangulia; wa pili ni Kabanga. Kabanga wake iko wapi? Unaita mumoja, unaacha mwenzake, halafu unashangaa?"

Niliona haya, mi mutu wa Kasai! Asubuhi nikaongeza KABANGA. Kamera ikazunguka kama cherehani mupya.

Siku ya kuonyesha, kambi nzima ilikaa mbele ya shuka nyeupe. Beseni ikatokea, na nyuma yake banamuke wawili, sura moja, ile ya yule mama wa magazini, banacheza na kucheka. Nani aliwapiga picha? Siku ya kupiga filamu hapakuwa na mutu pale! Bantu bakapiga vigelegele. Ndipo jirani yetu, Mama Kalanga muuza karanga, akasimama. Sote tulidhani hakuzaa.

"Batoto bangu!" akalia. Alizaa mapasa kule Kasai, bakamufia mu treni ya kuja huku bakiwa wachanga, na hakutaja tena majina yao. "Angaliani! Bamekomaa!" Akacheza mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. Nililia, sifichi.

Sikurudi chini tena. Na Mama Kalanga? Kuanzia usiku ule kambi nzima ilimwita Mwambuyi, mama wa mapasa, na ole wake aliyekosea.

Sasa we unayesikia, chunga. Mutu akikuambia anaitwa Mbuyi, usiharakishe burashi. Muulize kwanza mwenzake iko wapi, hata kama unamwona mumoja tu.