Taa Iliyopimwa kwa Uzito wa Mama Pacha

Fundi Vioo hakuwa mtu wa kupima kitu mara mbili. Mteja akimwonyesha dirisha lililovunjika, yeye husimama hatua chache nyuma, hufumba jicho moja, hutaja urefu na upana, kisha ndipo hutoa futi mfukoni ili mteja naye aridhike. Mara nyingi hupatia. Vioo alivyowahi kukosea vipimo amevitia kwenye choo cha nyumbani kwake, na ndiyo maana choo chake kina madirisha mengi kuliko sebule.

Kujiamini huko huko ndiko kulikomtia mkewe mtaroni.

Mkewe, Mama Pacha, alikuwa mkandaji wa unga katika bekari iliyoko upande wa pili wa mji. Pacha wenyewe walikwisha kuwa watu wazima na wana makwao, jina tu ndilo lililobaki nyumbani. Kila alfajiri, kungali giza, Fundi Vioo humbeba nyuma ya skuta yake kuukuu hadi mlangoni pa bekari, kisha hurudi kunywa chai na kuanza kazi zake. Safari ile ndiyo ilikuwa baraza lao. Juu ya skuta walipanga harusi za watoto, wakawasengenya majirani, na wakagombana kwa sauti ya juu bila mtu kuwasikia.

Taa ya skuta ilianza kufifia kidogo kidogo. Mama Pacha akasema ibadilishwe. Akasema tena. Mumewe alitia pamba masikioni, akajibu kwamba njia ile anaijua hata akifungwa kitambaa machoni. Basi alfajiri moja walikuta mafundi wa barabara wameacha rundo la kokoto ambalo jana yake halikuwapo, na kokoto hazikuwa na habari kwamba Fundi Vioo anaijua njia. Skuta ilipanda, ikayumba, ikawamwaga wote wawili mtaroni. Yeye aliambulia mchubuko wa goti. Mama Pacha aliteguka kifundo cha mkono, tena mkono wa kukandia.

Mama Pacha hakupiga kelele. Alijipangusa matope, akasema, "Baba Pacha, mimi nyuma yako sipandi tena," akaenda zake kwa miguu hadi kazini. Tangu siku hiyo gari la mikate likawa linampitia nyumbani, na Fundi Vioo anabaki kitandani macho kodo. Si kwamba hawakusemezana. Walisemezana, ila ni yale ya chumvi iko wapi na mlango umefunga. Alikuwa na hamu ya mkewe, na huku wanalala kitanda kimoja. Alitaka kitu kimoja tu, mama huyo apande tena nyuma yake.

Akapiga moyo konde, akaenda kwa muuza spea.

"Nipe balbu itakayomulika hadi kesho kutwa," alimwambia.

Muuza spea akamtolea balbu mbili za LED, moja ya mwanga mfupi na nyingine ya mwanga mrefu. "Hizi ni nyeupe, na hazili umeme. Ila ukizichomeka ovyo, mzee wangu, utamulika nyota."

"Mimi nichomeke ovyo?" Fundi Vioo aliuliza, na kweli alishangaa.

Na hakuchomeka ovyo, haki yake tumpe. Uani kwake aliufungua uso wa skuta, akatoa balbu kongwe zilizokuwa nyeusi kama kitako cha sufuria, akasugua kioo cha taa kwa kitambaa chake cha kazi. Balbu mpya akazizungusha taratibu mpaka vijipande vyake vya kutoa mwanga vikatazama kushoto na kulia, akarudisha mpira wa kuzuia maji. Jua lilipozama aliisimamisha skuta mbele ya ukuta wa ua, akachora mstari wa chaki ukutani, akakaa kwenye kiti cha skuta. Akiinama kuifikia skrubu iliyo chini ya taa, aliizungusha kwa bisibisi mpaka ukingo wa mwanga ukalala sawasawa juu ya mstari. Kila tofali lilionekana. Akajiona amekwisha shinda kesi.

Kesho yake, giza likianza kuingia, alikuwa anarudi kutoka kazini na kasha la vioo limefungwa nyuma. Waendesha baiskeli wakaanza kumtukana. Mmoja aliziba macho kwa kiganja, akamwuliza kama amebeba jua. Fundi Vioo akatazama mbele vizuri, akaona taa yake inamulika matawi ya miti na madirisha ya ghorofani, na lami iko gizani. Kumbe mzigo ukikaa nyuma, skuta hushuka kitako na pua yake huinuka. Taa aliipima akiwa peke yake. Mtu ambaye kazi yote hiyo ilikuwa kwa ajili yake hakuwamo kwenye vipimo.

Jambo hilo lilimchoma kuliko matusi.

Dawa ilikuwa kupima upya, uzito wa Mama Pacha ukiwa nyuma. Sasa uzito wa Mama Pacha ni kiasi gani? Kumwuliza kilo zake mwanamke aliyenuna ni kujitafutia makubwa, na Fundi Vioo, pamoja na yote, alikuwa bado anajipenda. Akaamua kutumia jicho. Usiku uo huo, uani, alijaza mchanga kwenye magunia, akalifunga la kwanza kwenye kiti cha nyuma kwa mpira wa mizigo, akarudi nyuma hatua chache na kufumba jicho moja. Bado. Akaongeza la pili. Akafikiria mabega, akafikiria nyonga, akakumbuka alivyokuwa akiegemewa kwenye kona. Akaongeza la tatu. Skuta ikaguna.

Mlango wa jikoni ukafunguliwa, Mama Pacha akatokeza.

"Baba Pacha, unafanya nini?"

"Napima taa."

"Na hayo magunia?"

"Hayo... ni abiria."

"Abiria gani?"

Mama Pacha akayahesabu magunia kwa kidole, moja, mawili, matatu, bila haraka.

"Hayo ndiyo mimi?"

"Ni makadirio tu, mke wangu."

"Makadirio." Aliufungua mpira kwa mkono wake mzima, akayaporomosha magunia chini moja baada ya jingine. Akakusanya gauni, akapanda, akakaa. "Haya, njoo upime kitu chenyewe."

Fundi Vioo alipanda mbele. Mwanga ulikuwa umeruka ukuta, unamulika nguo za jirani kwenye kamba. Aliinama na bisibisi, akaanza kuushusha, na mgongoni alilisikia joto alilolizoea.

"Uliniambia kuhusu taa," alisema bila kugeuka. "Nikajitia najua, nikakuumiza mkono. Nisamehe, Mama Pacha."

Mama Pacha aliufuata mwanga kwa macho mpaka ulipokaribia chaki.

"Bado kidogo," alisema. "Shusha tena. Hapo."

Aliposhuka, mwanga ukaanguka hadi mguuni pa ukuta.

"Mbona umeanguka?"

"Taa imepimwa kwa watu wawili."

"Na jioni ukitoka kwa wateja peke yako?"

"Itamulika hapo mbele ya tairi."

"Si uwe unairudisha ukishanifikisha?"

"Siirudishi. Peke yangu nitakwenda mwendo wa kinyonga, nitafika tu. Nikikubeba wewe ndipo nataka kuona."

Mama Pacha aliutazama ukuta, akamtazama mumewe, akayatazama magunia matatu chini. Kicheko kilimjia, akakibana. Akaenda hadi mlangoni, akasimama.

"Huo mchanga urudishe ulikoutoa," alisema. "Na kesho alfajiri usinicheleweshe."