Kitambaa Nilichofunga kwenye Gari

Habari ya kifo cha fundi wangu wa Balangdalalu ilinikuta nyumbani Tlawi, nikipalilia viazi. Mke wangu alikuja shambani na simu mkononi, akaniangalia tu, nami nikajua kuna msiba kabla hajasema ni wa nani. Alipomtaja nilikaa chini kwenye tuta, jembe likabaki limelala. Wasomaji wa siku nyingi mmewahi kukutana naye humu katika stori zangu za magari mabovu. Jina lake sitaliandika, kwa sababu mwenyewe hakupenda kutajwatajwa.

Tulifahamiana nilipokuwa mwalimu huko Balangdalalu. Nilikuwa na gari kuukuu, likaanza ugonjwa usioeleweka. Barabarani lilikwenda vizuri, ila nikisimama tu silensa, yaani mngurumo wa injini gari likiwa limesimama, inapanda na kushuka, gari zima linatetemeka, kisha linazima. Mafundi wawili wa mjini walibadilisha plagi, wakagusa nozeli, wakaishia kunipa pole. Mke wangu, ambaye ni muuguzi, akaapa kwamba hapandi tena chombo kinachozimika kwenye kilima. Ndipo nikalipeleka kwa huyu wa kijijini, ambaye kwa kiburi changu nilikuwa nimempita mara zote. Hakushika spana. Aliniambia niwashe, akawaomba waliokuwa wakipiga soga pale wanyamaze, akainamisha kichwa na kusikiliza muda mrefu mpaka nikaona aibu. "Hili halipumui, mwalimu," akasema.

Alipofungua njia ya hewa alikuta kipande cha kitenge, nilichokikunja mara mbili na kukifunga mwenyewe kwa mpira wa tyubu kwenye mdomo wa bomba. Kiangazi cha Hanang mnakijua. Vumbi la njia ya Masakta linaingia hata kwenye sukari iliyofunikwa, nami nilijiona mjanja kulikinga gari. Alikitoa, akakikung'uta, akakikunja vizuri na kunirudishia kwa mikono miwili. "Umelivalisha barakoa, mwalimu, sawa. Ila umeziba na pua." Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akafungua hozi na kunionyesha kile kijimlango cha kupitishia hewa, cheusi kwa masizi kama sufuria ya kuni. Alikisugua polepole kwa mswaki na petroli hadi chuma kikang'aa. Chujio akalipuliza kwa mdomo, kutoka ndani kwenda nje, vumbi likimrudia usoni. Tulipowasha, akaweka kikombe chake cha chai juu ya injini, na chai haikumwagika hata tone. Mke wangu alipokuja kuuliza ugonjwa ulikuwa nini, nilitazama chini. Kijiji kingenicheka mwaka mzima. "Uchafu tu, mama," akamjibu. "Vumbi la huku." Kuanzia siku hiyo nilimpenda.

Siku hizi tunapenda kubadilisha kuliko kusafisha. Kifaa kikisumbua tunanunua kingine, mtumishi akisumbua tunamhamisha, na mimi mwenyewe nimewahi kumhamisha darasa mtoto mtundu bila kumuuliza kwao kuna nini. Yule bwana alianza kwa kunyamaza na kusikiliza, halafu akasafisha, na spea mpya ilikuwa neno lake la mwisho. Hakwenda chuo chochote cha ufundi. Nadhani alikuwa na subira tu, na hiyo haiuzwi dukani.

Sasa niwaambie jambo linaloniuma. Kile kikohozi hakikuisha. Mwaka jana mke wangu alikisikia tukiwa pale kwake, akaniambia njiani, "Mwambie aje apimwe kifua. Kile si cha mafua." Nikasema nitamwambia. Nilirudi kwake mara tatu. Tuliongea mvua, tukaongea bei ya mbaazi, tukacheka, nikaondoka. Nyumbani naulizwa, "Umemwambia?" Najibu, "Nimesahau." Sikusahau, jamani. Niliona haya kumwambia mwanaume mwenzangu kwamba anaumwa.

Msibani walisema ni kifua. Kilichokileta sikijui, mimi si daktari. Nilimsogelea mjane, akanipa shikamoo kwa sauti iliyokauka, nami nikashindwa kunyamaza, nikamweleza ujumbe niliokaa nao. Hakunilaumu. Alisema taratibu, "Sisi alikuwa hatusikii, mwalimu. Wewe ungemwambia, angekwenda. Kila siku alikuwa anasema, mwalimu anajua."

Basi, ndugu msomaji, kama kuna mtu wako ambaye kikohozi chake umekizoea, mwambie leo, hata akikununia. Kile kipande cha kitenge bado ninacho, kimekunjwa vilevile alivyokikunja. Gari nililifunga kitambaa lisile vumbi. Yeye nilimtazama akilimeza, tukacheka pamoja.