Jibu Nililotoa Nyuma ya Mlango

Mwanangu, iko siku moja ambayo haijawahi kunitoka kichwani. Kwa kuwa kesho unaanza kupita nyumba kwa nyumba kuuliza nani alipata chanjo na nani hakupata, kaa kwanza nikusimulie. Chai yako haina miguu, haitakimbia.

Ilikuwa wakati wa Zaïre, tukiitana citoyen na citoyenne, yaani raia. Nilikuwa mke kijana, nakaa Kadutu kule juu mlimani na mama mkwe wangu na mtoto wa kiume aliyekuwa ameanza kutembea. Mume wangu alikuwa ameenda kutafuta dhahabu Mwenga, na habari zake zilikuwa zimekatika. Kikwembe, yaani kitenge cha kujifunga, cha kutokea mbele ya watu tulikuwa nacho kimoja, mimi na mama mkwe. Akitoka yeye, mimi nabaki ndani na kitambaa kilichochanika. Jirani hakuna aliyejua, na tulijitahidi sana asijue.

Kisha kipindupindu kikaingia mjini. Watu wa sindano wakaweka meza zao chini, kwenye uwanja wa shule. Mama mkwe alitangulia, ili akirudi nivae mimi, nimpeleke mtoto, ambaye alikuwa bado ananyonya. Lakini foleni ilikuwa ndefu mno. Aliporudi, wale walikuwa wamekwisha kufunga masanduku yao. Nililia, sikufichi.

Siku chache baadaye akaja nesi mmoja, mtu mzima, anazunguka kuuliza kama wewe kesho. Mama mkwe alikuwa sokoni na kikwembe chetu.

"Odi. Humu ndani mulipata sindano wote?"

"Sisi wote, maman," nikajibu, mlango nimeushikilia.

"Na mutoto?"

"Na yeye."

Akaomba kuona karte za sindano, zile kadi walizopewa waliochomwa. Nikatoa mkono na ile ya mama mkwe, nikasema zingine zimepotea. Niliongopa bila hata kupepesa jicho, maana nilifundishwa kwamba mgeni haonyeshwi aibu ya nyumba.

Hakuandika kitu. Aliketi kwenye jiwe la mlangoni, akavua viatu, akaanza kuulalamikia mlima wetu kwamba utamuua. Akauliza jina la mtoto. Kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Binti yangu, sikuje kukugombeza. Lakini huku juu kila mutu ananiambia ndiyo, na karte sizione. Nikipeleka hiyo ndiyo yenu, watasema huku kumeisha, sindano haitapanda tena. Sasa uniambie: mutoto alichomwa?"

Nilimtazama mwanangu, anacheza na majivu ya jiko, ananichekea. Hofu ikashinda aibu.

"Hapana, maman. Sina kikwembe ya kutokea."

Halafu akafungua kikwembe chake cha juu, akakipitisha kwenye upenyo wa mlango, uso ameugeuzia barabarani. "Uvae, mama. Tutembee pamoja."

Kwetu mwanamke wa heshima hatembei na kikwembe kimoja, nawe unajua. Yeye alitembea hivyo Kadutu nzima, watu wanamtazama, nami nyuma yake nimembeba mtoto. Kila mlango nikasema mwenyewe: "Mimi nilimudanganya huyu maman. Mutoto wangu hakuchomwa." Basi na wengine wakaanza kusema. Huyu aliogopa sindano, yule ana mama mgonjwa asiyeweza kushuka. Wote walikuwa wamesema ndiyo, kwa adabu tu, ili mgeni aende zake salama.

Meza zikarudi, safari hii huku huku juu. Mtoto alipiga kelele mpaka mimi mwenyewe nikacheka. Kipindupindu kilichukua watu jirani kabisa na sisi, kikatupita. Sijui ni sindano, sijui ni Mungu. Mtoto yule ni baba yako.

Kwa hiyo, mwanangu, kesho ukisikia ndiyo, usifurahi haraka. Anayejibu bila kutokea ana sababu yake. Keti kwanza, ulalamikie mlima, mpe nafasi ya kubadili neno lake bila kudharauliwa. Na siku utakayoulizwa wewe, usione haya kusema hapana, maana msaada huenda pale ulipoitwa.

Nenda basi. Mungu akupe miguu ya kupanda, na uso ambao mtu hataona aibu mbele yake.