Nilivyokuwa Mkalimani wa Mrusi

Niseme ukweli tangu mwanzo, nisije nikaonekana najitetea: aibu iliyonipata pale Lurambi hakuna aliyeniletea, niliipika mwenyewe, nikaipakua mwenyewe, na nikaila mbele ya watu wa lokesheni nzima huku chifu amekaa mstari wa mbele. Leo nina mvi mpaka kwenye nyusi, na bado wazee wa rika langu tukikutana sokoni hunisalimu, "Mrusi, habari ya nyumbani?", mpaka wajukuu wangu wanadhani ni jina la ukoo.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya uhuru, rangi za bendera mpya hata hazijapauka, na kila ukipita mahali unasikia kijana wa fulani amepata nafasi ya kusoma ng'ambo, huyu Uhindi, yule Amerika, mwingine Urusi. Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari, karani mdogo kwenye duka la mbegu mjini Kakamega, na nilitaka nafasi hiyo kuliko nilivyotaka kuoa (na kuoa nilikutaka sana). Kwa hiyo nikajiunga na darasa la jioni la Mwalimu Ambetsa, mtu aliyekuwa ameishi Moscow kabla ya kurudi nyumbani, ambaye alitufundisha Kirusi sebuleni kwake pale Shieywe. Tulikuwa wachache, na sote tulijua kwamba mmoja wetu, mmoja tu, angepelekwa huko kusomea udaktari.

Sasa sarufi ya Kirusi, jamani, sijui niieleze vipi. Neno la meza ni "stol". Ukisema meza ipo, sawa, ni stol. Ukisema mguu wa meza, meza inabadilika mkia. Ukiipa meza kitu, inabadilika tena. Ukitumia meza kuzibia mlango, inabadilika, na hata ukikaa pembeni ukazungumza habari zake tu, inakusikia na kubadilika. Wenzangu walishika vichwa. Mimi nilifurahi, kwa sababu nilisomeshwa misheni, tulikofundishwa kila kitu kwa kuimba, katekisimu kwa kuimba, hesabu kwa kuimba, mito ya Ulaya kwa kuimba, basi na Kirusi nikakigeuza wimbo. Nikipalilia mahindi ya mama naimba, "Stol, stola, stolu, stol, stolom, stole," na mama siku moja alipopita na debe lake la maji akaitikia, "Amina."

Tatizo ni kwamba nilidhani kukariri ndiko kujua.

Mwalimu Ambetsa aliliona hilo mapema. "Andayi," aliniambia, "majedwali ya mikia ya maneno unayo yote, hata mimi sina kama wewe. Lakini mbona huongei? Niulize basi hata kama nimekula." Nikamjibu kwamba nitaongea nikimaliza majedwali. Mwenzangu Makokha alikuwa kinyume changu kabisa, jedwali halikai kichwani mwake hata usiku mmoja, lakini kila jioni alimsumbua mwalimu kwa maswali ya Kirusi kilichovunjikavunjika, sisi tukimcheka, naye anaendelea tu.

Basi siku moja nimekaa kwenye mkahawa wa chai karibu na soko, na chifu wetu yuko meza ya pili anachovya mandazi, mzee mmoja akanipigia kelele, "Wewe Andayi, si wanasemanga umejua Kirusi? Hebu sema tusikie!"

Nikasimama. Nikaweka mkono kifuani. Nikaitoa meza yote, mikia yake yote, kwa sauti ya mhubiri. Hata mpishi akatoka nje na mwiko wake.

"Na hiyo ni kusema nini?" chifu akauliza.

Hapa ndipo. Ningesema, "Ni meza, mzee, meza tu," wangecheka kidogo, tungemaliza chai, na huenda leo ningekuwa daktari. Lakini niliangalia zile nyuso zilivyonitazama, nikasema, "Nimesema, wazee wetu, amani iwakalie na ng'ombe wenu wazae mapacha."

Walipiga makofi! Chifu akaagiza niongezewe mandazi. Nikayala.

Haukupita muda mrefu, Mwalimu Ambetsa akatuletea habari. Daktari Galina, mama mmoja kutoka Urusi, anazunguka kutazama dispensari za huku kwetu. Jumamosi atakuwa Lurambi, na Jumatatu asubuhi atakaa katika ofisi ya wilaya aongee na kila mwanafunzi peke yake, na atakayempendekeza yeye ndiye atakayekwenda. Sikulala vizuri wiki hiyo. Nilirudia majedwali mpaka taya likauma.

Jumamosi mvua ilinyesha kama inavyonyeshanga Kakamega, ghafla na kwa hasira. Landrova ya mbele ikafika Lurambi na Daktari Galina na afisa mmoja aliyetoka naye Nairobi, ila gari la nyuma, lililombeba mkalimani wao, likakwama kwenye matope. Mwalimu Ambetsa alikuwa kitandani na malaria. Watu wamejaa uwanja wa dispensari, mvua imekatika, mgeni amesimama na viatu vyeupe vilivyokuwa vimeshabadilika rangi, na hakuna wa kutafsiri. Chifu akainuka akatabasamu.

"Hatuna shida," alisema. "Sisi tuko na mtu wetu. Andayi, kuja!"

Ningeweza kusema naumwa. Nilitembea kwenda mbele.

Daktari Galina alikuwa mama mnene mwenye uso wa upole. Akanitazama, akatabasamu, akasema kitu kwa pumzi moja. Sikushika neno hata moja. Kirusi changu kilikuwa cha karatasi, kimekaa kwenye mistari yake kimetulia, na hiki chake kilikuwa kinakimbia. Watu wananisubiri. Nikageuka, nikakohoa, nikasema, "Anasema amefurahi sana kuwaona watu wa Lurambi."

Makofi. Daktari akashangaa kidogo, akarudia maneno yake polepole.

"Anasema amezunguka nchi nyingi, lakini watu wakarimu kama hawa hajawaona."

Vigelegele! Akarudia tena, safari hii akininyooshea kidole kifuani. Mimi ninamwaga jasho, na kabla sijabuni la kusema mtu akapaza sauti kutoka nyuma, "Muulize habari ya hospitali!" (Wakati huo kulikuwa na uvumi kila mahali kwamba Warusi wanajenga hospitali, ila kila mahali walidhani ni kwao.) Uwanja mzima ukaitikia, "Ee, muulize!"

Ikabidi nimwambie kitu, na kiwe Kirusi, maana wote wanasikiliza. Nikamgeukia, nikainua nyusi kama mtu anayeuliza, nikasema kwa heshima, "Stol, stola, stolu, stol, stolom, stole?"

Alitumbua macho. Akafikiri. Kisha kwa adabu kubwa akanyoosha mkono kuelekea ukingo wa uwanja, kulikokuwa na meza ya soda chini ya turubai.

"Anasema," nikawaambia watu, "hospitali itajengwa pale."

Wenzangu, mmewahi kusikia uwanja ukipasuka? Wanawake walianza wimbo, vijana wakarusha kofia, na chifu, mtu mzima na fimbo yake, akaenda mbio kwenye ile meza ya soda akaanza kupima ardhi kwa hatua. Halafu wakaja kuku. Kwetu mgeni wa heshima haondoki bila ingokho, yaani kuku, naye anakabidhiwa mkononi akiwa hai. Wa kwanza kufika alikuwa bibi mmoja, Kukhu Atamba (kukhu kwetu ni bibi), amekumbatia tetea mwekundu.

"Mwambie mama huyu," aliniambia, "binti yangu alifia njiani tukimpeleka mjini kwa machela. Mwambie asante. Wale wasichana waliobaki hawatafia njiani tena."

Maneno hayo sikuyatafsiri. Nilishindwa hata kuimba meza. Kukhu akampachika daktari yule kuku mikononi, na nyuma yake wakaja wengine, mpaka Daktari Galina ana kuku watatu na wa nne yuko begani, anasema "nyet, nyet" (hilo nililielewa), na mimi nikajaribu kuokoa hali nikasema, "Anasema anashukuru, hao wanatosha."

"Hawatoshi!" mama mmoja akafoka. "Mwambie kwetu mgeni hakataangi ingokho!"

Chifu akarudi anahema. "Muulize, Andayi. Geti litaangalia barabara au litaangalia mto? Na ni mwaka huu ama mwaka ujao?"

Meza ilikuwa imekwisha. Nikamgeukia daktari, nikaanza jedwali la neno "kitabu".

Sikulimaliza. Daktari Galina alimkabidhi afisa wake kuku wote, akajipangusa manyoya, akapiga hatua mbele na kusema, taratibu, kila neno limenyooka kama askari gwarideni:

"Ndugu zangu, ninaomba radhi. Kiswahili changu ni cha kitabuni. Nilijifunza chuoni, na nje kulikuwa na theluji. Niliogopa kwamba mtanicheka, kwa hiyo nikanyamaza."

Hata kuku walitulia.

"Mimi sikusema habari ya hospitali. Nimekuja kutazama zahanati hii, kisha nitaandika ripoti. Hospitali sina uwezo wa kuwaahidi. Kijana huyu nilimwuliza jina lake. Nilimwuliza mara tatu. Naye akanijibu: meza, ya meza, kwa meza. Nikafikiri anatafuta meza, basi nikamwonyesha meza ile pale."

Swali la jina! Ukurasa wa kwanza wa kitabu cha Mwalimu Ambetsa, somo la kwanza kabisa, niliweza kuliandika nikiwa nimefumba macho.

Kicheko kilianzia kwa vijana, kikapanda kwa akina mama, kikazunguka uwanja na kurudi. Watu walikaa chini kwenye matope na nguo zao za Jumamosi. "Meza!" walipiga kelele. "Andayi, na kiti je?" Mmoja akaniletea kigoda. Chifu hakucheka, alikuwa amesimama kwenye kona ya hospitali yake na fimbo imechomekwa ardhini pale ambapo geti lingekuwa.

Na Kukhu Atamba hakucheka. Alinijia karibu, akanitazama usoni. "Kwa hivyo hakuna?"

"Hakuna, Kukhu."

Afisa akataka kumrudishia tetea wake. Akakataa kwa mkono. "Ingokho nilimpa mgeni," alisema, "sikupea hospitali." Akaondoka, na mgongo wake ule ndio ninaouona mpaka leo nikikumbuka siku hiyo, zaidi ya vicheko vyote.

Nilikuwa natafuta njia ya kupotelea Daktari Galina aliponishika kiwiko. "Jina lako ni nani?" akauliza, kwa Kiswahili.

"Andayi."

"Andayi, mimi nilijua ngeli zote za Kiswahili, nikaja kwenu na sikuweza kununua ndizi. Ninakufahamu. Jumatatu njoo ofisini. Tutaanza na jina."

Mwenye akili angeyashika maneno hayo kwa mikono miwili. Mimi niliyasikia kama masimango. Jumapili kanisani, mchungaji alipotangaza kwamba meza ya Bwana imeandaliwa, benchi zima la vijana likatetemeka kwa kucheka, nikatoka kabla ya sadaka. Jumatatu asubuhi nilivaa shati langu jeupe, nikafunga tai, nikashika njia ya mjini, na karibu na daraja nikawaona wasichana wakiteka maji. Mmoja akaanza, "Stol, stola..." Walikuwa wanacheza tu, watoto wa watu. Lakini miguu yangu ilisimama. Nikageuka, nikapata lifti kwenye lori la miwa, nikaenda kujificha Butere kwa senje yangu, dada ya baba, nikamdanganya kwamba nimepewa likizo. Nilikaa kule nakata miwa, kila jioni najiambia kesho nitarudi.

Niliporudi, Daktari Galina alikuwa ameshaondoka. Mwalimu Ambetsa alikuwa amekonda kwa ile malaria, amejifunga blanketi barazani kwake.

"Ulikuwa wapi?"

"Butere."

"Alikungoja mpaka adhuhuri," alisema. "Akamtuma mtu aniulize, yule kijana wa meza yuko wapi. Alitaka kukupeleka wewe, Andayi. Alisema mtu anayeweza kusimamisha uwanja mzima kwa lugha asiyoijua, akifundishwa itakuwaje?"

"Na Makokha?"

"Makokha alikwenda ofisini. Kila alichoulizwa alikosea, lakini alikwenda."

Makokha alisoma huko Urusi, akarudi daktari, akawatibu watu wengi wa huku mpaka alipostaafu, na mimi sina kinyongo naye hata chembe. Niliuza mbegu mpaka nikazeeka. Kwa Kukhu Atamba nilikwenda, nilichelewa lakini nilikwenda, nikampalilia shamba msimu ule na uliofuata, na hakuwahi kunitajia hospitali hata siku moja, jambo lililoniuma kuliko kama angenitukana.

Kwa miaka mingi nilieleza kwamba nafasi yangu ya Moscow ilipotelea pale uwanjani Lurambi. Si kweli. Pale uwanjani nilichekwa tu, na watu wakishacheka wanarudi nyumbani kusonga obusuma. Nafasi niliitupa mwenyewe pale darajani, kwa kuwaogopa watoto wenye mitungi. Tangu hapo niliapa, na kiapo hiki nimekishika: nikiulizwa kitu nisichokijua nasema sijui, na wakinicheka nabaki palepale nilipokaa, nangoja wamalize.